Jua Limesingiziwa: Magonjwa Yetu ya Mlipuko Yanapita Barabarani

Oktoba 2024 mashirika mawili ya Marekani, NASA na NOAA, yalitangaza kwamba jua limefika kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25. Tangu hapo, kuanzia Tunduma hadi Makambako, watu wamekuwa wakirushiana kwenye simu maelezo yanayofanana: jua likichafuka, virusi vipya huibuka, na janga jingine liko njiani. Wapo waliorudi nyuma wakayaingiza humo hata macho mekundu yaliyoisumbua nchi Januari mwaka huohuo. Upande wa pili wapo wanaocheka na kusema huo ni ushirikina uliovaa koti la maabara. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeisoma vibaya habari hii. Dhana ya kuunganisha jua na magonjwa ya virusi haikuzaliwa kwa waganga wa kienyeji. Ilizaliwa kwa wanasayansi, ikachapishwa kwenye majarida yenye heshima, ikapimwa, na ikashindwa mtihani. Kushindwa kwake kuna la kutufundisha sisi wa nyanda za juu kusini, kwa sababu kila tunapokubali kwamba ugonjwa umetoka juani tunaacha kuuliza umepitia mpaka gani, kwenye gari la nani, na nani alikuwa zamu siku hiyo.

Tuanze na jua lenyewe. Uso wake una madoa meusi, sehemu zenye ubaridi kidogo kuliko zilizozizunguka kwa sababu sumaku kali imezuia joto kupanda kutoka chini. Mwaka 1843 Mjerumani Heinrich Schwabe, baada ya kuyahesabu kwa miaka mingi, alieleza kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa utaratibu. Leo tunajua kwamba mzunguko mmoja huchukua wastani wa miaka 11. Kipindi cha mwisho cha utulivu kilikuwa Desemba 2019. Madoa yakiwa mengi, jua hurusha milipuko ya mara kwa mara, na mingine hutufikia kama dhoruba za sumaku. Ile ya tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa kali kuliko zote kwa zaidi ya miaka 20. Msomaji wa Tanzania atakumbuka kilichofuata: Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti ikakatika nchi nzima. Miamala ilikwama, na watu wakainua vichwa kulitazama jua. Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Siku mbili tu zilitenganisha matukio hayo, na hayakuhusiana hata kidogo. Bila mafundi kuifuata hitilafu mpaka ilipo, mpaka leo tungekuwa tunasimuliana jinsi jua lilivyotuzimia mtandao.

Sasa dhana. Mtu anayetajwa zaidi ni Mrusi Alexander Chizhevsky, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1964. Yeye aliamini kwamba vita, mapinduzi na magonjwa ya mlipuko vyote hufuata mapigo ya jua. Serikali ya Stalin haikupenda kusikia kwamba mapinduzi yanaongozwa na madoa badala ya tabaka la wafanyakazi. Alikamatwa 1942 na kukaa kifungoni miaka 8. (Kufungwa hakuthibitishi kwamba mtu alikuwa sahihi, ingawa mashabiki wake wengi huishia hapo.) Mwaka 1978 daktari wa Kiingereza, Edgar Hope-Simpson, mtu makini aliyetumia maisha yake kuchunguza mafua kwa wagonjwa wake wa Cirencester, aliandika katika jarida la Nature kwamba majanga ya mafua ya karne ya 20 yalikuwa yameangukia karibu na vilele vya madoa. Mwaka 1990 Fred Hoyle, mwanafalaki mkubwa wa Uingereza, pamoja na Chandra Wickramasinghe wakarudia hoja hiyo kwenye jarida lilelile, wakiitumia kuunga mkono wazo lao kwamba virusi huanguka kutoka angani. Kisha Novemba 2019, kabla dunia haijaisikia Korona, Wickramasinghe na wenzake walitoa onyo katika jarida la Current Science la India kwamba jua limetulia mno na janga jipya linaweza kutokea.

Onyo hilo ndilo karata kubwa ya waumini wa dhana hii, na ninalipatia uzito wake. Orodha ya miaka nayo inavutia. Jua lilifika kileleni Agosti 1917, na mafua makubwa yakaja 1918. Kilele kingine kilikuwa Machi 1958, katika mzunguko wenye madoa mengi kuliko yote tangu kuhesabu kuanze, na mafua ya Asia yalikuwa yameanza mwaka mmoja kabla yake. Kilele cha Novemba 1968 kilikutana na mafua ya Hong Kong ya mwaka uleule. Ukiwa na matukio matatu ya namna hiyo mezani, kichwa kinaanza kukubali chenyewe. Ila orodha haiishii hapo. Mafua ya Urusi ya 1889 yalitokea jua likiwa limetulia. Mafua ya 2009, yaliyoanzia Mexico, yalitokea miezi michache baada ya utulivu mkubwa wa Desemba 2008. Korona ilitokea jua likiwa limelala kabisa. Yale ya 1977 yalitokea katikati, jua likiwa linapanda, na tena kirusi chake kilifanana mno na vya miaka ya 1950, kiasi kwamba wataalamu wengi wanashuku kilitoka kwenye friji ya maabara au jaribio la chanjo.

Angalia basi dhana ilivyojirekebisha. Hope-Simpson alisema vilele. Vilele vilipoanza kukosa majanga, utulivu nao ukaongezwa kwenye hesabu. Tufanye hesabu hiyo wenyewe, haihitaji kompyuta. Ukiruhusu mwaka wa kilele, miwili kabla yake na miwili baada yake, umechukua miaka 5. Fanya vivyo hivyo kwa mwaka wa utulivu, umechukua 5 mingine. Hiyo ni miaka 10 kati ya 11. Mkeka wa kubeti uliowekwa ushindi, sare na kufungwa kwa mechi ileile lazima upate, na hakuna anayemsifu aliyeuandika kwamba anajua mpira. Onyo la Novemba 2019 lilitolewa ndani ya uwanja mpana namna hiyo, na halikutaja aina ya kirusi, mji wala mnyama. Mwaka 2017 mtaalamu wa takwimu Sherry Towers alizipitia upya hoja za madoa na mafua, akachapisha matokeo katika jarida la Epidemiology and Infection: ushahidi wa kitakwimu wa uhusiano huo hakuuona. Tatizo mojawapo ni kwamba waandishi tofauti walikuwa wakichagua orodha tofauti za majanga, kila mmoja akiacha miaka isiyompendeza.

Kuona jinsi mtego huu ulivyo rahisi, acha niutege mwenyewe kwa kutumia ugonjwa tunaoujua hapa kwetu: homa ya nguruwe ya Afrika. Ni kirusi. Hakimdhuru binadamu, lakini hakibakizi banda. Mwaka 2007 aina moja ya kirusi hicho iliingia Georgia, nchi ya pembeni mwa Bahari Nyeusi, na kutoka huko ikasambaa Urusi na Ulaya Mashariki. Agosti 2018 ikatangazwa China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Sasa tazama jua: utulivu wa Desemba 2008 na utulivu wa Desemba 2019. Milipuko yote miwili ilitangulia utulivu wa jua kwa karibu mwaka na nusu! Nikiweka mchoro mzuri na sauti nzito, kesho nina wafuasi. Lakini Georgia inaaminika kirusi kilishuka bandarini Poti ndani ya mabaki ya chakula cha meli, yakatupwa mahali ambapo nguruwe walikuwa wakijilisha. Na mfano unaouvunja mchoro wangu uko nyumbani. Mwishoni mwa 2010, jua likiwa tayari linapanda kuelekea kilele, aina hiyohiyo ililipuka Kyela, jirani na mpaka wa Malawi. Haikupiga Kyela na Dar es Salaam siku moja kama kitu kinachomwagika kutoka juu. Ilifuata njia ya biashara ya nguruwe na nyama, ikapanda milima, ikashika barabara kuu, na ikafika Dar.

Anayefuga nguruwe anajua mwendo huo bila kuambiwa. Mnyama mmoja anaacha kula asubuhi, masikio na tumbo vinageuka vyekundu kisha zambarau, anajilaza kwenye kona yenye tope. Kabla mtaalamu wa mifugo hajafika, mwenye banda ameshapiga simu kwa mchinjaji, kwa sababu nguruwe aliye hai ana bei hata kama ni ya kutupa, na aliyekufa ni shimo la kuchimba. Usiku pikipiki au Canter inaondoka na mzigo. Siku chache baadaye damu na mifupa viko nyuma ya banda la kitimoto mji mwingine, na mabaki yanarudi kwenye ndoo ya makombo. Hapo ndipo kirusi kinaposafiri. Simlaumu mfugaji aliyefanya hivyo, maana ada ya shule ya Januari haisubiri fidia isiyokuwepo. Ninachosema ni kwamba mnyororo wote uko mikononi mwa watu, na kila pete yake ina mahali pa kukatwa.

Waumini wa dhana wakibanwa kwenye takwimu hukimbilia njia ya utendaji: miale ya anga, wanasema, huongezeka jua likitulia, nayo hubadilisha virusi. Nusu ya kwanza ni kweli. Sumaku ya jua lililochafuka husukuma nje sehemu ya miale inayotoka anga za mbali, na jua likitulia miale hiyo huongezeka. Lakini huku kwetu karibu na ikweta sumaku ya dunia inatukinga zaidi kuliko inavyowakinga watu wa karibu na ncha za dunia, hivyo mabadiliko ya mzunguko mzima hapa chini ni madogo. Mtu anayepanda basi Dar es Salaam na kushuka Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anaongeza miale ya anga inayompata kwa kiasi kikubwa kuliko tofauti kati ya jua lililochafuka na lililotulia. Kama miale ndiyo ingekuwa inazaa majanga, stendi ya Nanenane ingekuwa kitovu cha dunia. Isitoshe, kirusi cha mafua hakihitaji msaada wa mbinguni. Kikijinakili hukosea chenyewe karibu kila mara, na majanga makubwa hutokea pale virusi viwili vinapokutana ndani ya mnyama mmoja na kubadilishana jeni. Kirusi cha 1957 kilikuwa na jeni tatu mpya za ndege, cha 1968 mbili, na cha 2009 kilikuwa mchanganyiko uliopikwa ndani ya nguruwe.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya virusi kudondoka kutoka angani, na sitaipotezea muda mwingi. Sisi watu wa huku hatuhitaji kushawishika kwamba vitu huanguka: Kimondo cha Mbozi kipo pale Ndolezi, tani zipatazo 16, nao wageni hulipa kiingilio kukitazama. Ni chuma na nikeli. Wickramasinghe amedai kwamba Korona ililetwa na kimondo kilicholipuka juu ya mji wa Songyuan, China, tarehe 11 Oktoba 2019. Songyuan iko mbali sana kaskazini mashariki mwa Wuhan. Kirusi chenyewe kina ndugu wa karibu waliokutwa kwenye popo wa Yunnan na Laos. Kirusi hakiwezi kuzaliana bila seli ya kiumbe, na ufunguo wake umechongwa kuendana na kufuli ya mnyama fulani. Atakayetuambia umechongwa huko nyota zilipo aeleze kwanza popo alifikaje huko.

Hata hivyo, wanaocheka nao wana la kujibu. Hoja yao ya kawaida ni kwamba jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, litahusikaje na homa ya mtu wa Uyole. Hii nayo ni hoja ya uvivu. Jua linahusika kila siku, ila kwa njia zinazopimika. Mionzi yake ya urujuanimno huua virusi vingi vilivyo wazi juu ya vitu ndani ya muda mfupi. Majira yanayoletwa na mwendo wa dunia kulizunguka jua ndiyo yanayoamua lini hewa ni kavu na lini mvua inanyesha, na virusi vinaitikia. Muulize mama yeyote anayefuga kuku wa kienyeji mdondo huja lini, atakujibu kiangazi, tena bila kufikiri. Homa ya Bonde la Ufa ni mfano mzuri zaidi. Kirusi chake kinaweza kukaa ndani ya mayai ya mbu kwenye madimbwi makavu, kikingoja mvua kubwa. Mwaka 2006 wanasayansi walitazama joto la bahari wakati wa El Niño na ukijani wa mimea kupitia setelaiti, wakatoa tahadhari ya Afrika Mashariki wiki kadhaa kabla ya milipuko. Kenya ikakumbwa, na mwanzoni mwa 2007 Tanzania ikafuata, watu zaidi ya 100 wakafa hapa nchini. Hilo ni anga kuongoza kirusi, na kila hatua inaonekana: bahari, mvua, dimbwi, mbu, ng'ombe, mchinjaji. Lakini El Niño hurudi kati ya miaka 2 na 7, na mwanga wote wa jua hubadilika kwa takriban asilimia 0.1 tu ndani ya mzunguko wa madoa. Tofauti ya Juni na Januari hapa Njombe ni kubwa kuliko hiyo kupita kiasi.

Kwa hiyo swali halali ni lipi linaeleza zaidi yaliyotupata. Turudi 1918, mwaka unaopendwa na waumini wa madoa. Nyanda hizi zilikuwa zimetoka kukanyagwa na majeshi. Oktoba ya mwaka huo safu ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck ilipita Ubena, upande wa Njombe ya leo, ikaacha wagonjwa wake huko, ikaelekea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na tarehe 25 Novemba ikasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Wapagazi walichukuliwa kwa maelfu, ng'ombe na nafaka vikanyang'anywa na pande zote mbili. Mafua yaliyoingia miezi hiyohiyo yaliwakuta watu wenye njaa, na nguvu kazi ilipolala, mashamba nayo yakalala, na njaa ikazidi. Ukisema jua lilikuwa na madoa mwaka uliotangulia, umesema kweli, na hujaeleza kwa nini ugonjwa ulifuata njia za askari na wapagazi. Au tuchukue VVU. Kirusi hiki kilianza kuenea kwa binadamu mapema katika karne ya 20, kikapita vilele na vipindi vya utulivu kadhaa bila kubadili mwendo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima Njombe yakiwa asilimia 12.7, wakati ya taifa ni 4.4. Njombe na Dodoma ziko chini ya jua moja. Kinachotofautiana ni barabara ya Zambia, vituo vya malori, vibarua wa msimu kwenye chai na misitu, na umri ambao wanaume wetu walianza kutahiriwa kwa wingi.

Madhara ya dhana hii hayatatokana na watu kuiamini kwa dhati. Wengi wataisambaza tu na kuendelea na kazi. Yatatoka kwenye ofisi. Kiongozi wa halmashauri anayeulizwa kwa nini nguruwe wamekufa kata nzima, au kwa nini kambi ya wagonjwa ilifunguliwa wiki tatu baada ya tukio la kwanza, atafurahi sana kupewa maelezo ambayo hayamhusu. Ukame tulishaupeleka mbinguni, mafuriko nayo yakafuata hata pale mtaro ulipokuwa umezibwa na jengo lenye kibali. Tukiruhusu na virusi vipelekwe huko, hakuna mkutano wa hadhara utakaokuwa na mtu wa kuwajibu wananchi.

Utabiri wa kweli wa mambo ya jua watu wa Mbeya tumeuona kwa macho. Tarehe 1 Septemba 2016 umati ulijaa Rujewa, Mbarali, ukiwa na miwani ya makaratasi, kwa sababu wanafalaki walikuwa wametaja miaka mingi kabla siku, saa na eneo ambapo mwezi ungeliziba jua na kuacha pete. Wangekosea kwa nusu saa, wangeulizwa. Utulivu ujao wa jua unatarajiwa kuzunguka mwaka 2030. Wanaoamini wana muda wa kutosha kuandika sasa hivi: kirusi cha kundi gani, mwaka upi na si miwili kabla au baada, na ni tokeo lipi litawafanya waiache dhana. Wasipoandika, 2030 watakuwa na tukio tu la kuchagua, maana dunia haikosi mlipuko mahali fulani kila mwaka.

Kwa upande wetu maswali ya kuuliza ni mepesi na yana wenye majina na vyeo. Chanjo ya mdondo ni tone moja kwenye jicho la kuku, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ipo ya kutengenezwa hapahapa nchini inayovumilia joto: ni vijiji vingapi vya Rungwe na Mbozi vina mtu aliyefundishwa kuidondosha? Kibali cha kusafirisha nguruwe kinakaguliwa wapi gari likipita saa nane usiku? Mfugaji wa Kyela akitoa taarifa ya nguruwe mgonjwa badala ya kumuuza, analipwa nini na kutoka fungu gani? Bajeti za halmashauri hujadiliwa kabla ya Julai, na vikao vya madiwani viko wazi kwa mwananchi yeyote anayetaka kwenda kusikiliza.